Muulize Bi Mwiko: Niingie Darasa la Ngazi Gani?

Mwezi huu mfuko wa barua umejaa sukari. Karibu zote zimetoka Katy, ule mji wa magharibi ya Houston uliojulikana zamani kwa mashamba ya mpunga na sasa unajulikana kwa nyumba zenye oveni mbilimbili. Palipo na oveni mbili na Mswahili mmoja, biashara ya keki haichelewi. Mafundi wetu waliojifunza wenyewe wamechoka kukisia. Wanataka darasa, na wanagombana juu ya ngazi. Tuanze na aliyenuna zaidi.

*Shikamoo Bi Mwiko. Naoka tangu niko Tabata, na hakuna aliyenifundisha ila video za kwenye simu. Kicheni pati, sendofu, ubatizo, kote nasifiwa. Nimepata darasa la kupamba keki hapa karibu, lina ngazi ya mwanzo, ya kati na ya juu. Nimejiandikisha ya juu, maana nimeshapamba keki ya ghorofa tatu kwa mikono yangu hii. Dada yangu ananiambia nianze chini. Hatusemeshani. Nani ana haki? Picha naiambatanisha. — Fundi wa Cinco Ranch*

Marahaba, mwanangu. Picha nimeiona. Ghorofa ya kati imeota kitambi, na maua yote yamehamia upande mmoja wa keki. Maua hayahami bila sababu. Nikisema dada yako ana haki usinune tena, soma kwanza.

Sifa za sherehe si kipimo. Aliyekusifu alikuwa ameshiba pilau, MC anapiga kelele, na keki imeshakatwa vipande vya kulishana. Nani atamfuata mama wa bibi harusi kumwambia kwamba ukingo haukunyooka? Halafu kuna jambo jingine: anayejifunza mwenyewe hujifunza kile anachoagizwa. Wateja wakitaka waridi, atakuwa bingwa wa waridi. Lakini hajatokea mteja akapiga simu kusema, "Naomba keki yenye ubavu ulionyooka." Basi ubavu haujifunzwi. Ndiyo maana fundi wa nyumbani huwa na mkono wa mwaka wa tatu na msingi wa wiki ya kwanza, na darasa huchaguliwa kwa kuutazama msingi.

Jipime hivi. Oka keki ya duara ya inchi nane. Iache ipoe kabisa, ikate kinundu cha juu, igawe mara mbili, ijaze jemu, kisha ipake krimu nyeupe tupu, bila ua, bila shanga, bila chengachenga za rangi. Izungushe taratibu mbele ya taa. Ukiona mawimbi ubavuni, makombo yametokeza, ukingo wa juu umelala, au pale penye jemu pamefura, wewe ni wa ngazi ya mwanzo. Kitambi cha keki yako kina sababu mbili za kawaida: jemu haikuzungushiwa ukuta wa krimu nzito, au keki ilipakwa kabla haijatulia na kushuka. Yote mawili hufundishwa siku za mwanzo. Pamoja nayo utafundishwa kupaka mkono wa kwanza, mwembamba, wa kufunga makombo, kuiweka keki kwenye friji mpaka krimu ishike, ndipo upake mkono wa pili. Mafundi rangi hawahitaji kuelezwa.

Na uzito wa krimu! Hapo ndipo wengi hukwama bila kujua. Waridi linataka krimu nzito inayosimama. Pambo la ukingo linataka ya wastani. Maandishi yanataka nyepesi, itoke kwenye nozo bila kukatika. Aliyejifunza mwenyewe hutengeneza bakuli moja la krimu kwa kazi zote tatu, kisha analaumu nozo.

Mpango huu wa kupanda hatua kwa hatua si wa jana. Dewey McKinley Wilton alianza kufundisha kupamba keki mjini Chicago mwaka 1929. Kozi zenye jina lake, zilizofundishwa kwa miaka katika maduka ya vifaa vya kazi za mikono hapa Marekani, zilianza na krimu ya siagi na waridi lake. Fondanti, lile shuka la sukari la kufunika keki, ilisubiri zamu. Aliyepanga hivyo hakuwa anamdharau mtu. Fondanti hufuata umbo lililo chini yake, na ubavu uliopinda ukiuvalisha fondanti unabaki umepinda, ila kwa bei kubwa zaidi.

Sisemi kila mtu arudi chekechea. Ukifaulu jaribio la taa, usiende ngazi ya mwanzo kwa unyenyekevu, maana utalipa pesa kutazama wenzako wakijifunza kushika mfuko wa krimu. Nenda ya kati. Ile ya juu iache mpaka uweze kujibu swali moja bila kumpigia mtu simu: ghorofa ya juu ya keki yako ilikaa juu ya nini? Inatakiwa ikae juu ya ubao wake, na ubao huo ukae juu ya nguzo zilizopita ndani ya keki ya chini yake mpaka kwenye ubao wa keki hiyo. Ukijibu "ilikaa juu ya keki," basi, mwanangu, ilisimama kwa dua. Kampigie dada yako.

*Bi Mwiko, mimi ni mume wa fundi keki. Mwezi wa nane tulipeleka keki ya harusi kutoka Katy mpaka ukumbi mmoja kusini-magharibi mwa Houston. Tulipofika, krimu ilikuwa imeshukia kwenye ubao. Mke wangu anasema dawa yake ni darasa la fondanti, ngazi ya juu. Ada yake inauma. Ni kweli? — Dereva wa Keki*

Bwana Dereva, si kweli, lakini usimwambie kwa sauti hiyo uliyoandikia. Siagi huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 32 mpaka 35 za Selsiasi. Mwezi wa nane hapa joto la mchana hupita 35 bila kuomba ruhusa. Barabara yenu ya I-10 ina mahali inapofika njia 26 ukijumlisha za pembeni, na bado mnakaa kwenye foleni, na keki inakaa nanyi.

Fondanti haizuii jua. Tena ikitoka kwenye friji ikaingia kwenye unyevu wa Houston hutoka jasho, ikanata, na rangi zikachuruzika. Anachohitaji mkeo ni darasa la aina za krimu, na hilo mara nyingi ni la siku moja au limo ndani ya ngazi ya mwanzo. Kuna krimu ya siagi tupu na sukari ya unga: tamu mdomoni, dhaifu juani. Kuna ile inayotiwa mafuta ya mgando, Crisco, ambayo ndiyo Kimbo ya Wamarekani. Hiyo huvumilia joto zaidi, ingawa ulimi haudanganyiki. Kuna ya Kiswisi, ute wa mayai na sukari vikipashwa juu ya mvuke mpaka nyuzi 71, vikapigwa mpaka vikasimama, ndipo siagi ikaingia. Hiyo ni laini kama hariri na mwezi wa nane ni adui yake. Kabla ya kulipa, mkeo amuulize mwalimu: tutatumia krimu gani, na itasimama nje ya nyumba hapa Texas kwa muda gani? Mwalimu akijibu "inategemea" kisha akanyamaza, apewe mkono wa kwaheri.

Wewe nawe una darasa lako. Washa AC ya gari dakika 15 kabla keki haijaingia. Keki itoke kwenye friji ikiwa baridi na ngumu. Iweke kwenye sakafu tambarare ya nyuma, mahali AC inapofika, kamwe si juu ya kiti ambacho kimeinama, wala mapajani mwa shemeji. Na uondoke mapema. Ada ya darasa hilo ni sifuri.

*Aunty Mwiko, habari zako? Kule Umoja, Nairobi, nilikuwa nauza black forest kwa kilo. Hapa Katy majirani wanataka keki zangu, lakini nimeambiwa siwezi kuuza mpaka nipate cheti cha upambaji cha ngazi ya tatu. — Mama Kilo Moja*

Nzuri, mama. Aliyekuambia hivyo huenda ndiye anayeuza hilo darasa.

Texas ina sheria ya vyakula vinavyotengenezwa nyumbani tangu 2011. Inataka uwe na cheti cha mafunzo ya usafi wa chakula, ambacho watu hukipata mtandaoni kwa muda mfupi, na keki iwe na lebo inayotaja vitu vyenye kudhuru watu wenye mzio na kusema wazi kwamba imetengenezwa katika makazi binafsi yasiyo chini ya leseni wala ukaguzi wa serikali. Kikomo cha mauzo kwa mwaka kilikuwa dola 50,000. Tangu Septemba 1, 2025 kimepandishwa hadi dola 150,000. Black forest yako, kama ina krimu ya maziwa inayotaka friji, ina masharti ya ziada, pamoja na kujiandikisha kwa idara ya afya ya jimbo, kwa hiyo yasome kabla ya kupokea oda. Hakuna mahali sheria inapouliza kama unajua kutengeneza waridi. Cheti cha upambaji ni kizuri, kitundike sebuleni.

Darasa la kati litakufaa kwa sababu nyingine. Hapa keki haiulizwi kilo, inaulizwa watakula wangapi, na jibu linatokana na kipenyo cha tini na kimo cha keki. Ukimwambia Mmarekani "kilo mbili" atadhani unamuuzia nyama.

*Shikamoo Bibi. Sisi ni Wachagga wa Katy. Dada yetu ana sendofu na ukumbi umekataa ndafu, mbuzi wetu mzima wa kuokwa, kuingia. Nimeamua kutengeneza ndafu ya keki, mbuzi mzima wa fondanti mwenye majani mdomoni. Sijawahi kugusa fondanti. Nichukue darasa gani? — Kijana wa Moshi*

Marahaba, mjukuu wangu. Barua yako nimewasomea watu wa nyumbani mara mbili.

Kazi unayoitaka inaitwa keki ya kuchongwa, na ni ngazi ya juu kweli, si kwa jina tu. Inataka keki nzito isiyobomoka, iliyogandishwa kidogo kwenye friji kabla ya kisu. Inataka mifupa ya ndani ya kushikilia shingo, maana shingo ya sponji haibebi kichwa. Kichwa chenyewe wajuzi hawakitengenezi kwa keki. Hukifinyanga kwa bisi za mchele, zile za kifungua kinywa, zilizochanganywa na mashimelo yaliyoyeyushwa, kwa kuwa ni chepesi na hushika umbo. Kisha juu ya yote hayo ndipo fondanti inavalishwa, na fondanti ya mgeni hupasuka kwenye makunjo, pale kwapani na gotini. Mbuzi ana magoti manne.

Kwa hiyo yako ni madarasa mawili: kwanza la kufunika keki ya duara kwa fondanti, ujifunze kuikanda, kuisukuma na kuilaza bila mikunjo, baada ya hapo la kuchonga. Ukiruka la kwanza, utatoa mbuzi mwenye ngozi ya tembo. Na kama sendofu ni mwezi ujao, hayo hayatoshi kwa muda ulionao. Houston ina bucha za halali zinazouza mbuzi mzima. Tafuteni ukumbi mwingine. Kuna wazee watakaosafiri kuja kukatiwa ndafu, na sitaki kuwepo kisu cha mzee wa Kibosho kitakapokutana na vanila.

*Jambo mama. Mimi natoka Bukavu. Naoka muzuri, watu wanakubali, na keki yangu ilipita ile ya taa ulimfundisha rafiki yangu. Lakini mwalimu anasema Kiingereza mbiombio, tena ni mdogo kuliko binti yangu. Niingie ngazi ya chini sababu ya lugha? — Mama wa Bukavu*

Jambo sana, mama. Hapana. Ngazi ni ya mikono, si ya mdomo. Ukienda chini kwa ajili ya Kiingereza utasikia Kiingereza kilekile, ila kuhusu mambo unayoyajua. Kaa mbele, omba ruhusa ya kurekodi mikono ya mwalimu, na kariri namba: 104 kwa petali za waridi, 352 kwa majani, 1M kwa ile nyota kubwa. Nozo zina namba, na namba haina lafudhi. Umri wa mwalimu hauhusiki. Mwite "mwalimu," naye atakuita "mama," na heshima itakuwa imekaa mahali pake.

Nafasi imekwisha, nami nina ombi kwa wote mnaotaka kulipa ada mwezi huu. Ulizeni kwanza mambo manne: wanafunzi ni wangapi kwa mwalimu mmoja, kila mtu anapamba keki yake au mnatazama ya mwalimu, keki mnaoka nyumbani au mnaikuta, na mtaondoka mnaweza kufanya nini ambacho hamkuweza mlipoingia. Asiyejibu la mwisho msimpe hela. Zile barua za kuniomba nitaje bei ya haki ya keki ya ndugu zimefika, nimezisoma, na jibu ni moja kwa zote: ndugu alipe bei ya jirani, na nusu itangulie.