Muhadhara wa Bingwa: Italia ni Tawi la Kasulu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wageni waalikwa, na ninyi mliokuja kwa kusikia kuna soda: itifaki imezingatiwa.

Mimi ni Bingwa wa Sayansi ya Kula. Shahada hiyo nilijitunuku mwenyewe baada ya kukosa chuo chenye ubavu wa kunisahihisha. Mada ya leo ni trattoria ya kijijini, mgahawa wa Italia ambako mpishi hupika kilichovunwa jirani na mteja hula alichokuta. Mtaniuliza, je, Bingwa, umewahi kufika Italia? Hilo ni swali la watu wasio na upeo. Nimefika sokoni Kasulu na stendi ya Kibondo, na nathibitisha kwamba Italia ni tawi la huku.

Tuanze na historia. Mwaka 1492 Columbus, mzaliwa wa Genoa, alifika Amerika. Njia ilipofunguka, mahindi na nyanya vikavuka bahari hadi Italia, na katika karne ya 16 Wareno wakaufikisha muhogo pwani ya Kongo. Ndio huo leo unasongwa Buha, nchi ya Waha, huku kwetu Kasulu na Kibondo. Waitalia wa kaskazini walisonga mahindi wakayaita polenta. Ni ugali, ndugu zangu! Tena maskini wao walioushindia bila mboga ya maana walipata pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini. Muha hali ugali mtupu: pembeni pana maharage, na ndani ya maharage pana mawese.

Sasa menyu. Mwitalia hula kwa awamu: antipasto, primo, secondo, contorno, dolce. Awamu tano, utadhani mradi wa barabara! Mama ntilie wa Kasulu amezijumuisha zote: ugali wa muhogo, maharage, sombe (kisamvu) na mgebuka, vyote mezani kwa mkupuo mmoja. Samaki huyo mgebuka anaishi Ziwa Tanganyika tu, lenye kina kinachofika mita 1,470. Mwitalia akimtaka, apande basi. Na dolce, yaani kitamu cha mwisho, ni asali ya Kibondo, inayorinwa kwenye misitu ya miombo. Menyu haiandikwi, mama huitamka mara moja, haraka, akiwa amekupa mgongo. Usiposikia, utakula maharage.

Nakuja kwenye kanuni, andikeni.

Kanuni ya kwanza ni salamu. Salamu ya Waha ina makofi, ina habari za nyumbani, za shamba na za watoto. Anayeingia na kusema "Mama, chakula chapuchapu" hupewa mkia wa samaki, tena kwa haki.

Ya pili ni subira. Muhogo mchungu hulowekwa, huvundikwa na kuanikwa ili sumu ya sianidi itoke, ndipo usagwe. Kwa hiyo ewe unayelalamika kwamba umecheleweshewa sahani, elewa kuwa mama alianza kukuhudumia siku kadhaa kabla hujasikia njaa.

Ya tatu ni shati. Mawese ni mekundu kwa sababu ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Shati jeupe haligeuzi chochote, linabaki nayo. Utafiti huu niliufanya kwa shati la kuazima.

Ya nne ni mchuzi. Kuongezewa mchuzi ni haki ya kila mteja. Kuongezewa samaki ni uchumba, na mama ana mume.

Wivu wangu kwa Waitalia uko kwenye kahawa tu. Vilima vya Manyovu, vilivyokuwa Kasulu mpaka Wilaya ya Buhigwe ilipoanzishwa mwaka 2012, vinatoa arabika safi. Mwitalia hafungi mlo bila kikombe cha kahawa. Mkulima wa Manyovu, akimaliza ugali wake, anaagiza chai ya rangi, huku kahawa yake ikienda kufunga milo ya watu asiowajua. Hapo trattoria imetupiga bao, na goli ni halali.

Kwa kuhitimisha: mgahawa bora duniani ni ule ambao mpishi analijua jina lako, shamba la baba yako na deni lako la wiki iliyopita. Deni langu lisitajwe, liko katika hatua ya utafiti. Nitapokea maswali baada ya chakula. Chakula atalipia muulizaji.