Shangazi Kivuli Anajibu: Kamera Iliyobaki Ndani ya Noah

*Shikamoo Shangazi Kivuli. Mimi ni mpiga picha za harusi, naishi Viwanja Sitini, Ifakara. Jumamosi nilikuwa na kazi ya sendofu kule Kibaoni, shemeji akanipeleka na Noah yake. Mwembe mkubwa ulikuwepo, yeye akapaki juani. Kamera niliiacha juu ya dashibodi, watu waone mpiga picha kafika, nikaingia kuonja pilau kidogo. Niliporudi haishikiki. Niliiwasha, ikatoa alama ya joto, ikazima. Kamati sasa inadai advansi yake. Je, jua limeniulia kamera? Na shemeji anilipe?*
— Niliyeungua, Viwanja Sitini

Marahaba mwanangu, na pole. Pilau "kidogo" haiivishi kamera, kwa hiyo nimeshajua ulirudia sahani.

Kamera yako yaelekea ni nzima. Kuzima kwake ni kujiokoa. Canon na Nikon huandika kwenye vitabu vya kamera zao nyingi kwamba zitumike kati ya digrii 0 na 40, na hapa bondeni mwezi Novemba hata kivulini tunapita 30. Halafu ongeza gari. Watafiti wa Marekani walipima magari yaliyofungwa juani, matokeo wakayatoa mwaka 2005: ndani joto lilipanda wastani wa digrii 22 kwa saa moja, na asilimia 80 ya kupanda huko ilikuwa ndani ya nusu saa ya kwanza. Kushusha kioo kidogo hakukuleta nafuu ya maana. Kama nje ilikuwa 32, piga hesabu mwenyewe.

Na wewe ukachagua dashibodi! Utafiti mwingine, wa Arizona mwaka 2018, ulikuta dashibodi za magari yaliyokaa juani saa moja zikifika wastani wa digrii 69; za kivulini zilikuwa 48. Sasa nani kakwambia kamera nyeusi chini ya kioo cha mbele ni tangazo la biashara?

Kinachoumia kwanza ni betri. Betri hizi za lithiamu hazifi siku moja. Huchakaa mapema, na ukiiacha imejaa chaji kwenye joto ndiyo unaimaliza. Ukiona imevimba, usiilazimishe kuingia. Cha pili ni lenzi, hasa zile kuukuu za mtumba: grisi ya ndani hulainika, mafuta yakatambaa hadi kwenye vijibati vya kufungulia mwanga, vikanata. Cha tatu ni kifuniko. Kama lenzi ilikuwa wazi ikitazama jua, fundi aangalie pazia na kihisio, maana lenzi hukusanya jua likachoma kwa ndani. Picha zenyewe usihofu. Kadi nyingi za kumbukumbu zimetengenezwa kuvumilia hata digrii 85.

Toa betri, weka kila kitu kivulini, ngoja ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji. Siku nyingine ukilazimika kuiacha garini, iweke chini, nyuma ya kiti, imefunikwa kitambaa cheupe, au ndani ya deli lisilo na barafu. Deli huchelewesha joto kwa muda wa kutosha kwenda Lupiro na kurudi, sasa kwa kuwa daraja la Magufuli limetuondolea foleni ya kivuko. Ila lisiwe deli la kambale. Bibi harusi anakaa karibu na wewe.

Kuhusu shemeji: alikosea kuuacha mwembe, atoe nauli ya fundi. Kuiweka dashibodi ni majivuno yako, na majivuno hayana mdhamini. Kamati irudishiwe advansi kama hukupiga hata picha moja.

*Shangazi, mume wangu hupeleka wageni Udzungwa. Garini AC inavuma mwanzo mwisho, akishuka Sanje tu picha zote zina ukungu. Anasema maporomoko yana wenyewe. Juzi amefukia kamera kwenye debe la mchele wangu wa biashara.*
— Mke wa Mwongozaji, Mang'ula

Mwanangu, wenyewe wa Sanje waache wapumzike. Wana mita 170 za maji ya kushughulikia. Kamera iliyopozwa na AC ikikutana ghafla na hewa yetu yenye unyevu, hutoa jasho kama chupa ya soda. Mwambie aifunge ndani ya begi lake kabla hajashuka, asifungue zipu kwa nusu saa hivi, mpaka kamera ilingane na hewa ya nje. Mfuko wa plastiki wa kubebea asiutafute, umepigwa marufuku tangu Juni 2019.

Na hapa niseme wazi: katika bonde hili jua linabebeshwa lawama nyingi ambazo ni za unyevu. Kuvu ndani ya lenzi huanza kama uzi mweupe, na ikishakula rangi ya kioo, fundi hairudishi. Kamera inayolala ndani ya begi lenye unyevu masika nzima iko hatarini kuliko ile ya Noah. Akusanye vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vilivyoandikwa visiliwe, aviweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na lenzi.

Mchele wako mdai. Mchele wa Kilombero haukaushi kitu, unaingiza vumbi la pumba kwenye vitundu vya kamera. Na mteja gani atanunua mchele uliolaza kamera?

*Shangazi, nikiingia sokoni dakika tano tu, kamera na mtoto aliyelala nawaacha kwenye gari. Nifungue kioo kiasi gani?*
— Mama Mwenye Haraka, Lipangalala

Hapa sitanii. Rudi juu usome tena hizo digrii na habari ya kioo. Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara tatu hadi tano haraka kuliko wako, na dakika tano za sokoni tunazijua wote. Kamera iache ukitaka. Mtoto mfunge mgongoni na kanga, uingie naye sokoni.