Kushangaa Nako Kumekuwa Dawa

Siku hizi kila kitu ni dawa. Tangawizi dawa, maji ya uvuguvugu dawa, kutembea dawa. Sasa mpwa wangu anayesoma Bujumbura kaja likizo hapa Nyanza-Lac na dawa mpya: kushangaa.

"Mjomba, ukistaajabia kitu kikubwa unapata afya."

Nikamjibu kwamba mimi hushangaa kila nikiuliza bei ya ndagala, na presha haijashuka hata kidogo.

Hakucheka. Waliosoma hawacheki, wanaleta ushahidi. Eti katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kule Berkeley, California, watafiti waliwasimamisha wanafunzi chini ya mikaratusi mirefu, waitazame kwa dakika moja. Wengine wakageuzwa watazame jengo. Kisha mtu akajifanya kaangusha kalamu kwa bahati mbaya. Waliotazama miti wakamwokotea nyingi zaidi. Sisi mikaratusi tunaitazama kwa jicho la kuni, labda ndiyo maana nikidondosha kitu sokoni anayekiokota huondoka nacho.

Akaniletea na wazee wenzangu wa California. Mwaka 2020 ulitoka utafiti wao: wiki 8, kila wiki matembezi ya dakika 15, kundi moja likiagizwa lishangae njiani na wote wajipige picha. Kadiri wiki zilivyokwenda, wale wa kushangaa walizidi kuwa wadogo ndani ya picha zao, mandhari yakatanuka. Furaha ikapanda, masumbuko ya kila siku yakapungua.

Nikaomba kuona picha zake mwenyewe. Pua imejaa kioo kizima! Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, ziwa la nchi 4 na la umri wa mamilioni ya miaka, limebanwa nyuma ya sikio lake la kushoto.

Ila sisi wa mwaloni tuna afadhali gani? Wageni hushuka ufukweni jua likizama nyuma ya milima ya Kongo, wakabaki midomo wazi. Sisi tunawauliza kama watakula mukeke wa kuchoma. Usiku wa giza wavuvi huwasha taa kuvuta ndagala, na ukiwa nchi kavu utadhani kuna mji umejengwa juu ya maji. Mimi huhesabu taa: zikiwa nyingi, huenda kesho bei ikalegea.

Juzi umeme ulikatika, simu imekufa, sina pa kuelekeza macho ila kwenye zile taa za ziwani. Nikatazama bila kuhesabu. Nilipoinuka, hoja zote nilizompangia jirani ambaye mbuzi wake wanamaliza sombe yangu zilikuwa zimeyeyuka. Asubuhi kanisalimia, nami nikaitikia kwa tabasamu! Mbuzi wake sasa wanaingia shambani kama wenye hati.

Basi dawa inafanya kazi, sibishi. Inampunguza mtu, na malalamiko yake yanapungua naye. Lakini mimi nayategemea malalamiko yangu. Nimemwambia mpwa wangu kipimo changu ni dakika 15 kwa wiki, kama wale wazee, wala isizidi hata moja. Nikinywea kabisa, nani atasimama mwaloni kubishania bei ya ndagala? Wataalamu wa Berkeley hawataacha mikaratusi yao waje kunipigania.