Namna ya Kumpita Dada wa Kaunta Ukiwa na Tumbo

Dada wa kaunta ya ndege haanzi na pasipoti yako. Anaanza na tumbo. Macho yake yakishatua hapo swali linafuata: "Mama, una wiki ngapi?" Ukimjibu "miezi saba" umeanza vibaya, maana kwenye kompyuta yake hakuna miezi. Ukimjibu "si nyingi" umeharibu zaidi, kwa sababu sasa anamwita msimamizi wake, na foleni nzima nyuma yako imeshaanza kukuhesabia.

Mwongozo huu ni wa kumpita dada huyo kwa haki, ukiwa umenyoosha mgongo, tumbo mbele na karatasi mkononi.

Kwanza tumalizane na dera, kwa kuwa huo ndio ushauri wa kwanza atakaopewa mama kijacho yeyote. Shangazi atasema: vaa dera pana, jitande mtandio, mkoba ukae mbele, wala hawatajua. Watajua. Wao wanaona matumbo kila siku, na mwendo wa mwanamke mwenye mimba kubwa hausitiriki kwa nguo. Tuseme hawakujua, ukapita. Uchungu ukikushika juu ya bahari kati ya Dar es Salaam na Muscat, mkunga wako ni mhudumu aliyefundishwa huduma ya kwanza. Ukitokwa damu nyingi hakuna ya kuongezewa. Mtoto akija njiti hakuna pa kumtunzia. Masharti ya wiki hayakuwekwa kumkomoa mjamzito. Yaliwekwa kwa sababu ndege haina leba. Shangazi apewe heshima zake, na dera livaliwe kwa raha, lakini tumbo lisifichwe.

Sasa wiki zenyewe. Mimba huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na hukadiriwa kuwa wiki 40. Ukisahau tarehe hiyo, ultrasaundi ya miezi mitatu ya mwanzo ndiyo inayokadiria umri wa mimba kwa uhakika zaidi. Ile ya mwishoni hukosea kwa siku nyingi. Kwa mimba ya mtoto mmoja isiyo na matatizo, mwongozo wa kitabibu wa IATA, chama cha mashirika ya ndege duniani, unakomea mwisho wa wiki ya 36. Kwa mapacha ni wiki ya 32. Kuanzia wiki ya 28 hivi mashirika mengi hutaka barua ya daktari. Kila shirika lina kanuni zake, na mengine ni makali kuliko hapo, kwa hiyo soma masharti ya shirika lako kabla pesa haijatoka mfukoni.

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, nami naomba umakini wako wote: usihesabu wiki za kwenda, hesabu wiki za kurudi. Chukua mama ambaye hedhi yake ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi. Atatarajia kujifungua tarehe 6 Desemba. Anaondoka Dar tarehe 6 Septemba kumtembelea dada yake Muscat, akiwa na wiki 27 kamili. Hakuna anayemuuliza barua, anapita akitabasamu. Tiketi yake ya kurudi ni ya tarehe 10 Novemba. Siku hiyo ana wiki 36 na siku mbili. Anafika uwanjani na masanduku, zawadi za mama mkwe zimo, na anaambiwa hapandi. Kuanzia hapo atajifungulia ugenini, kwa gharama ya hospitali ya ugenini, viza ikiwa inakimbilia mwisho. Bima nyingi za safari haziigusi gharama ya uzazi wa kawaida, na nyingine hukoma kumhesabu mjamzito akifika wiki fulani. Yote hayo yangeepukwa kwa kalenda ya ukutani na kalamu.

Baada ya wiki, barua. Kadi ya kliniki ni mali, ibebe, lakini usiitegemee peke yake: imeandikwa kwa mwandiko wa manesi tofauti, kwa vifupisho vyao wenyewe, na dada wa kaunta wa Doha hawezi kuisoma. Mwombe daktari au mkunga barua ya Kiingereza yenye tarehe ya kuandikwa, umri wa mimba kwa wiki, tarehe ya makadirio ya kujifungua, kama ni mtoto mmoja au zaidi, kwamba mimba haina matatizo, na kwamba unaweza kusafiri siku ya kwenda na ya kurudi. Kisha jina lake, namba yake ya usajili, saini na mhuri. Mhuri usomeke vizuri. Mhuri uliofifia hauna msaada. Usiichukue mapema mno, kwa kuwa mashirika mengi hukataa barua iliyokaa. Kama utakaa ugenini wiki nyingi, panga kumwona daktari wa huko akuandikie nyingine ya kurudia. Mwenye tatizo lolote la kiafya huenda akatakiwa kujaza fomu ya shirika iitwayo MEDIF siku kadhaa kabla ya safari, na fomu hiyo haijazwi kaunta.

Na jina. Kliniki wanakujua kwa jina la mume, mtaani wewe ni Mama Rehema, pasipoti ina jina la baba yako. Barua ifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Anayekwenda nchi za Ghuba abebe na cheti cha ndoa, kwa kuwa hospitali na ofisi za usajili za huko hukiuliza mtoto anapozaliwa.

Kuna kadi ya njano pia. Chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichopunguzwa makali, na kwa kawaida mjamzito hapewi isipokuwa hatari ya ugonjwa ni kubwa kuliko ya chanjo. Kama ulichanja zamani, tulia: tangu Julai 2016 kadi hiyo inatambulika kwa maisha yote. Kama hukuchanja, na unatoka Kenya au Uganda kuja Tanzania, utaulizwa. Dawa yake ni barua ya msamaha ya daktari, kwa Kiingereza au Kifaransa, inayotaja sababu. Uliza ubalozi wa uendako kama wanaikubali. Kadi ya kununua kwa kijana wa pale nje ya geti usiiguse. Ni uhalifu, na haimkingi mtu na mbu.

Ndani ya ndege mambo ni mepesi. Omba kiti cha kwenye njia. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usikate katikati. Mimba huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na kukaa muda mrefu huongeza tena. Safari ikizidi saa nne vaa soksi za kubana, kunywa maji, inuka utembee, na anayekukatisha usingizi kwa kupita mara kwa mara umsamehe, maana nawe utampitia. Hewa ya ndani huweza kulingana na ya mahali penye kimo cha mita 2,400, juu kuliko mji wa Njombe. Mimba yenye afya inaihimili. Mwenye sikoseli, mwenye upungufu mkubwa wa damu, anayetokwa damu, mwenye kondo la nyuma lililoshuka au presha isiyotulia, huyo asisikilize mwongozo wangu wala wa shangazi, amsikilize daktari wake, na akiambiwa abaki, abaki.

Zile hadithi kwamba mtoto wa angani hupewa tiketi za bure maisha yake yote na uraia wa popote, ziache kijiweni. Uraia wa mtoto kwa kawaida hufuata wazazi wake na sheria za nchi zao. Na mwenye mpango wa kwenda Marekani kwa viza ya matembezi ili mtoto azaliwe huko, ajue kuwa tangu Januari 2020 kanuni zinamtaka ofisa wa viza amnyime mwombaji akiona lengo lake kuu ni hilo.

Mtoto akizaliwa ugenini, naye ni abiria. Anahitaji cheti cha kuzaliwa na hati yake ya kusafiria, na mashirika mengi hayampokei kabla hajatimiza siku saba.

Mwisho nina ombi kwa mawakala wa tiketi, kuanzia Kariakoo hadi Mombasa. Mnamuuliza mteja kama anataka nyama au samaki. Muulizeni pia, siku ileile anapolipa, kama ni mjamzito na atakuwa na wiki ngapi siku ya kurudi.