Sifa za Fomu ya WIBA

Daktari aungaye mfupa husifiwa, na wakili ashindaye kesi huchinjiwa mbuzi, lakini nani amewahi kuisifu fomu ya DOSH/WIBA 1, ya kuripoti ajali za kazini, iliyotolewa kopi juu ya kopi hadi mistari yake ikafifia? Kibarua akikatwa kidole na mashine ya kuchumia chai huku Kedowa, majani hayaachi kuchipua, nyapara haachi kupima kilo, wala bili ya hospitali haiachi kupanda. Fomu peke yake ndiyo hutulia. Utulivu huo ni hekima: sehemu ya kwanza yamngoja mwajiri, ya pili yamngoja daktari, naye mwenye kidole hupewa heshima ya kuibeba kwa mmoja hadi kwa mwingine, kwa nauli yake. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini (WIBA) ya 2007 imempa mwajiri siku 7 kuripoti ajali, na majeruhi miezi 12 kudai. Tofauti hiyo yaonyesha nani alijulikana mapema kuwa atazungushwa.

Anayeidharau na atazame hadi Uskoti. Wachuma chai zaidi ya elfu moja walipeleka huko madai dhidi ya James Finlay (Kenya) kwamba kazi iliwaumiza migongo, madai ambayo kampuni iliyapinga. Mwaka 2023 majaji wa rufaa wa Edinburgh waliisimamisha kesi ili utaratibu wa WIBA utangulie Kenya. Ni karatasi ngapi za kopi zimewahi kuwangojesha majaji wa ng'ambo?

Watu watasema kwamba kidonda hakingoji makaratasi, na mwajiri mwungwana hulipa bila kuandikiwa. Ni kweli, hulipa: bili ya siku ya kwanza. Kisha kuna kufungua bendeji, dawa za mwezi wa pili na nauli ya kurudi kliniki, gharama ambazo sheria hiyo humtwika mwajiri, zikiwa za kadiri. Bila maandishi, haki hiyo hugeuka ihsani, na ihsani ikikatizwa haina pa kukatiwa rufaa. Wengine watasema hospitali itajilinda yenyewe kwa kumzuia mgonjwa wodini hadi alipe. Lakini mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya Pumwani, ilisema kuwafungia wagonjwa kwa sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Basi mgonjwa huenda zake, na deni humfuata hadi nyumbani, kwa kuwa jina lililo kwenye bili ni lake. Cha kuligeuza deni hilo liende kwa mwajiri na kampuni yake ya bima ni fomu hii hii iliyofifia.

Hapo ndipo ubora wake ulipo, wala si katika wino wake. Yafanya peke yake kazi ya watu watatu wenye ofisi, mishahara na viti vya kuzunguka: mwajiri, bima na serikali. Siku mwajiri atakapojaza sehemu yake kabla ya siku ya 7 bila kufuatwafuatwa, fomu itakuwa karatasi tu, na sifa hizi zote nitamhamishia yeye.