Mgeni Hali vya Kukaanga

Jamaa yangu mmoja anaklia magari pale bandarini. Kampuni ilimpeleka Japan, karudi na maneno. Ati kule hoteli zaweka vyakula vya plastiki dirishani. Wali plastiki, samaki plastiki, bei chini yake. Nyingine walipia kwenye mashine mlangoni, yakutemea tikiti, wakaa, chakula chaja. Hujui Kijapani? Nyoosha kidole tu. Raha hiyo! Ila plastiki yenyewe huitafunaje, hakunieleza, na mimi sikuuliza.

Huku Likoni shida ya chakula cha jioni yaanza na mgeni. Shemeji kaja kutoka bara, kaka mkubwa wa mke wangu, yule aliyekula mahari. Kapitia barabara mpya ya Dongo Kundu, nayo pia ya mkopo wa Wajapani, feri hata hakuiona. Shati halina mkunjo. Mke kanivuta jikoni: "Baba watoto, kakangu hali sima leo. Mtoe." Mtoe! Mfukoni nina elfu moja, nayo ya tokeni za stima.

Shem, wataka nini? Chochote. Haya, viazi karai hapo kwa mama wa kona, vya moto, na ukwaju. Hali vya kukaanga. Mishkaki? Meno. Supu ya pweza? Akanitazama, akamtazama dadake, kimya. Wewe wajua pweza asifiwa kwa nini. Nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilivaa patipati.

Kumbe chochote chake ni samaki wa kupaka, wali wa nazi, na kiti chenye mgongo.

Twende hoteli ya karibu na feri. Ukutani kumeandikwa kwa rangi: biriani, pilau, kuku, samaki wa kupaka. Samaki? Kaisha. Biriani? Ijumaa. Pilau? Imeisha. Sasa kuna nini? Weita kafuta meza kwa kitambaa kilichoichafua zaidi. "Chai na maharagwe." Hapo ndipo nilipoitamani ile plastiki. Angalau ingekuwepo.

Tukavuka. Feri kwa miguu ni bure, nikamwambia, "Nauli juu yangu, shem." Jioni umati wote watoka kisiwani kurudi Likoni, sisi twaenda kinyume, kila bega lanisukuma mimi. Patipati ikakatika.

Hoteli kaichagua mwenyewe. Ina baridi ya mashine na menyu isiyo na bei. Kaagiza samaki mzima. Mimi nikasema nimeshiba, nipe maji tu. Niliwaza ya jagi. Ikaja chupa, weita kaifungua kabla sijapumua. Bili ikawekwa mbele yangu, sijui nani alimwambia mimi ndiye tajiri. Fuliza ikanikubalia hadi shilingi ya mwisho.

Kurudi, kwa mama wa kona, shemeji kasimama. Kanusa. Kala viazi karai sahani mbili, ukwaju hadi kwenye shati. "Mbona hukunionyesha hivi mapema?" Mama kaandika kwenye deni langu.

Sasa ati kesho anataka Kisauni, kasikia kuna mkate wa mofa. Jirani, kama una mtu mwenye hoteli huko anayekubali deni, nidokeze kabla ya magharibi. Na kama kuna anayeuza patipati mojamoja, nataka ya kushoto.