Sifa za Mzee APA

Kakamega imewapigia isukuti maharusi, marehemu, mafahali wa Malinya na wagombea wa kila kiti, hata walioangushwa. Ila sijawahi kusikia ngoma iliyopigwa kwa heshima ya APA, ule mtindo wa urejeleaji unaoamua nukta ikae wapi na mabano yafungwe lini. Deni hilo nalilipa leo.

Ukitaka kuujua ukuu wake, pita Lurambi, si mbali na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha tasnifu. Saiba hazijafungwa. Utamkuta kijana aliyeandika kurasa 150 kuhusu mukombero, ule mzizi wanaoutafuna watu mjini tangu asubuhi. Hana wasiwasi kwamba ataulizwa unatibu nini. Anajua swali litakuwa moja: mbona hapa, baada ya mwaka, hakuna nukta?

Wasiomjua APA humwita msumbufu. Hawajui alikotoka. Alizaliwa Marekani mwaka 1929, akiwa makala ya kurasa 7 katika jarida la Psychological Bulletin. Waliokaa kikao cha kumpangia sheria walikuwa wanasaikolojia, wanaanthropolojia na mameneja wa biashara, na nia yao ilikuwa kumrahisishia msomaji kazi. Naam, kumrahisishia. Ukienda kumwambia hivyo yule kijana wa Lurambi, simama karibu na mlango.

Mwaka 1952 akakua akawa mwongozo kamili. Mwaka huohuo mgodi wa dhahabu wa Rosterman, hapa Kakamega, ulifungwa. Majaliwa hayo! Tulipoacha kupekua udongo kwa taa tukitafuta chembe inayong'aa, tayari tulikuwa tumeandaliwa chembe nyingine ya kutafuta usiku, nyeusi, ndogo kuliko ya dhahabu. Toleo la 7, lililotoka 2019, lina kurasa zaidi ya 400. Aliyezaliwa na kurasa 7 amenenepa vyema, na chakula chake ni usingizi wa wanafunzi.

Na ni mzee wa maendeleo. Chukulia kuchapisha ukurasa mmoja ni shilingi 10. Tasnifu ya kurasa 75 ni shilingi 750, mwenye saiba hata karo ya chekechea hapati. APA akaagiza nafasi mbili kati ya mistari na pambizo za inchi moja kila upande, kurasa zikawa 150. Msimamizi naye anairudisha kazi mara tatu kwa ajili ya mkato mmoja, na kila mara inachapishwa upya. Wa bodaboda anayezileta kurasa hizo naye amekula. Niambie ni mradi gani mwingine umewanufaisha watu wengi hivyo kwa kutumia nukta tu.

Katika siasa pia ametutangulia. Zamani kila kitabu kilitajwa pamoja na mji wa mchapishaji, kwa hiyo marejeleo yetu yalijaa Nairobi, Nairobi, Nairobi. Wakenya tulipitisha katiba 2010, tukangoja kaunti hadi 2013, na mpaka leo tunavutana na Nairobi kuhusu fedha. APA, katika toleo la 7, aliufuta mji wa mchapishaji kwa agizo moja. Ugatuzi ulioje! Wala hakuomba mgao.

Tazama pia anavyowatuliza wakubwa. Kwenye mazishi ya huku kwetu, mshereheshaji huhitaji nusu saa kumaliza vyeo vya waheshimiwa kabla marehemu hajakumbukwa. Orodha ya marejeleo haina Profesa, Daktari wala Mheshimiwa. Mwenye shahada tatu na aliyeandika makala yake ya kwanza jana wanapangwa foleni moja, kwa alfabeti, bila mlango wa nyuma.

Lakini wema wake mkubwa ameutendea majina yetu. Kwa kawaida Wafula ni mtoto wa msimu wa mvua, Wanjala wa njaa, Wekesa wa mavuno. Shuleni tulifundishwa kutanguliza Josephat na Zablon, msimu ukafuata nyuma kama mtoto aliyekatazwa sebuleni. APA hutanguliza jina la ukoo, na Zablon humkata akabaki herufi moja. Kisha yapange majina hayo matatu kwa alfabeti anavyotaka: Wafula, Wanjala, Wekesa. Mvua, njaa, mavuno. Mwaka mzima wa mkulima umejipanga wenyewe! Kweli uko mkiani mwa orodha, kwenye W, lakini shamba halijawahi kulalamika kuwa mwisho wa boma.

Labda mtasema nimezidisha. Basi nitaje doa lake moja, maana sifa zisizo na doa ni za kampeni.

Sisi tumezoea kusema wahenga walinena, tukapita. APA huuliza: wahenga gani, mwaka gani, ukurasa wa ngapi? Yule kijana wetu mambo ya mukombero alifundishwa na nyanya yake wa Ilesi. Mzee APA akaamua kwamba hayo ni mawasiliano binafsi: yatajwe ndani ya mabano, orodhani yasiingie, kwa sababu msomaji hawezi kuyafikia. Katika toleo la 7 amelegea kidogo kuhusu mapokeo ya wenyeji, akataka mzee atajwe kwa jina, jamii na mahali. Ila kama maneno hayakurekodiwa, orodha ingali imefungwa. Kiungo cha mtandao kilichokufa kinaketi orodhani kwa raha zake. Nyanya, ambaye hufikiwa kwa matatu ya kwenda Khayega, ukashuka kwenye Jiwe la Kilio na kuuliza mtoto yeyote, eti hafikiki.

Na nyanya huyo ndiye hodari wa kurejelea kuliko sisi sote. Hakupi mzizi kabla hajakwambia: huu nilionyeshwa na mama mkwe wangu, naye alionyeshwa na shangazi yake, kule ng'ambo ya mto. Hana mabano, lakini hajawahi kuiba neno la mtu.

Kwa hiyo, kijana, weka nukta baada ya mwaka, uchapishe, ulale. Tasnifu ikishapita, panda matatu uende Ilesi, umrekodi nyanya kwa ridhaa yake na kwa jina lake, sauti uipeleke maktaba. Hapo Mzee APA atafungua mlango wa orodha, maana sheria ni yake mwenyewe.

Nenda mapema. Nyanya hana toleo la pili.